Mlango wa Bweni: Historia ya Moto na Hofu ya Wazazi katika Shule za Kenya

Kila bweni linapoungua nchini Kenya, serikali huuliza kwanza ni nani aliyewasha moto. Wazazi wanaokusanyika langoni alfajiri huwa na swali lao: kwa nini watoto hawakutoka? Kwa zaidi ya miaka 30 taifa limelishughulikia swali la kwanza kwa kamati, polisi na mahakama, na la pili limerudishwa nyumbani pamoja na majeneza. Ukifuatilia misiba ya shule zetu za bweni mmoja baada ya mwingine, unaona jambo ambalo hotuba za nidhamu hulifunika. Wanafunzi wamechoma mabweni kwa mamia, na sehemu kubwa ya mabweni hayo iliungua bila mtu kufa. Vifo vingi vilitokea pale ambapo mlango ulikuwa na kufuli, dirisha lina nondo, na vitanda vimebanana hata mtoto hana pa kupitisha mguu. Wazazi wana haki kabisa ya kuogopa. Lakini hofu yao imetumiwa mara nyingi kuhalalisha kufuli lenyewe, na hapo ndipo historia hii inapouma zaidi.

Tuanze Meru. Usiku wa Julai 13, 1991, wavulana wa Shule ya Sekondari ya St. Kizito, iliyokuwa ya mseto, walilivamia bweni ambamo wasichana walikuwa wamejificha. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Nchi ilitikiswa na ukatili huo, na ilistahili kutikisika. Lakini kuna jambo ambalo halikupewa uzito wake wakati ule: wengi wa waliokufa waliuawa na msongamano na kukosa hewa ndani ya jengo ambalo kwao lilikuwa kimbilio la pekee. Waliingia humo kujiokoa, hawakupata njia nyingine ya kutokea. Kamati ya rais iliyoongozwa na Lawrence Sagini mwaka huohuo ilipewa kazi ya kuchunguza migomo na utovu wa nidhamu, kana kwamba tatizo lote lilikuwa katika vichwa vya vijana. Wazazi wenye mabinti nao walichukua funzo lililo rahisi kueleweka kwa mtu mwenye uchungu: binti alindwe, lango liwe na askari, bweni lifungwe. Hakuna mzazi anayeweza kulaumiwa kwa kutaka hivyo baada ya St. Kizito. Wa kulaumiwa ni wale ambao kazi yao ilikuwa kufikiri mbali kuliko uchungu, wakawapa wazazi nondo na makufuli na kuyaita ulinzi.

Miaka saba baadaye, Machi 1998, moto ulizuka katika Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Bombolulu, Kwale, na kuua wasichana 26. Milango ilikuwa imefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Vyuma vilivyowekwa ili mtu wa nje asiingie ndivyo vilivyowazuia walio ndani wasitoke. Mei 1999 huko Nyeri viranja wanne wa shule ya wavulana walifungiwa vyumbani mwao na wanafunzi wenzao, wakamwagiwa petroli na kuchomwa hadi kufa. Kisha ikaja Kyanguli. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, lilimwagiwa petroli na kuwashwa moto wakati wavulana zaidi ya 100 wamelala humo. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa ya nondo. Walikufa wavulana 67, na wengi wao walizikwa pamoja ndani ya uwanja wa shule kwa sababu haikuwezekana kuwatambua. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji. Malalamiko juu ya matokeo ya mtihani yaliyokuwa yamefutwa yalitajwa sana, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai likaundwa kuchunguza, kwa mara nyingine tena, nidhamu na fujo za wanafunzi.

Mtu anaweza kusema: lakini Kyanguli ilichomwa kwa makusudi, iweje mlango ndio uwe mshtakiwa? Jibu ni kwamba vyote viwili vilikuwepo, na kimoja kati yake kilikuwa mikononi mwa watu wazima. Hakuna sheria wala hotuba inayoweza kuhakikisha kwamba kati ya vijana mia kadhaa hatatokea hata mmoja mwenye hasira na kiberiti. Lakini mlango unaweza kuhakikishwa. Anayejua kwamba kijana mmoja anaweza kuleta petroli, kisha akafunga mlango na kuondoka na ufunguo, ameshaamua hatima ya wale wengine wote.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni mawimbi makubwa ya uchomaji. Mwaka 2008 shule za sekondari zipatazo 300 zilikumbwa na fujo, nyingi zikachomewa majengo, na kamati ya Bunge chini ya David Koech ikachunguza. Mwaka 2016 zaidi ya shule 100 ziliungua katika muda wa miezi michache. Ukijumlisha moto wote wa misimu hiyo miwili, vifo havikukaribia hata kidogo vile vya usiku mmoja wa Kyanguli. Mara nyingi mabweni yaliungua wanafunzi wakiwa darasani kwa masomo ya jioni, au wakapata nafasi ya kutoka. Kama idadi ya vifo ingekuwa inafuata ukubwa wa utovu wa nidhamu, basi 2008 na 2016 ndiyo ingekuwa miaka ya maombolezo makubwa kuliko yote. Haikuwa hivyo. Agosti 2012, wakati hapakuwa na wimbi lolote la kitaifa, wasichana wanane wa shule ya msingi ya bweni ya Asumbi, Homa Bay, waliangamia katika bweni lililofungwa kwa nje.

Si kwamba serikali haikuelewa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni ambao, ukiusoma leo, unaonekana umeandikwa na watu waliotembea ndani ya magofu ya Bombolulu na Kyanguli. Unaagiza kila bweni liwe na mlango katika kila mwisho wake na mlango wa dharura katikati. Mlango uwe na upana usiopungua futi tano, ufunguke kwa nje, na kamwe usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wako ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda iachwe nafasi ya mita 1.2, na njia ya kupitia iwe na upana wa mita mbili. Mitungi ya kuzimia moto iwekwe penye milango ya kutokea. Hakuna hata agizo moja hapo linalohitaji teknolojia ngeni. Seremala na fundi wa kuchomelea wa soko lolote wanaweza kuyatekeleza mengi yake ndani ya wiki ya likizo.

Kilichokosekana ni mtu wa kuwajibika mwongozo usipofuatwa. Hapo ndipo sera nyingine za taifa ziliposukuma upande wa pili. Mwaka huohuo wa 2008 serikali ilianza kugharimia masomo ya sekondari ya kutwa, na mwaka 2018 ikasisitiza kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi lazima aingie Kidato cha Kwanza. Sera zote mbili zilikuwa njema, na watoto wengi wa maskini wasingeliona darasa la sekondari bila hizo. Lakini bweni halikuongezeka ukubwa kwa sababu waraka umetoka Nairobi. Vitanda vya ghorofa vilisogezwa, ile mita 1.2 ikaliwa kidogo kidogo, na katika shule zingine madarasa na kumbi za kulia chakula ziligeuzwa kuwa mahali pa kulala. Mwalimu mkuu aliyeambiwa asimkatae mtoto na pia asizidishe idadi ya vitanda alipewa amri mbili asizoweza kuzitii kwa pamoja. Si haki kumbebesha lawama peke yake.

Mwaka 2017 msiba ulihamia katikati ya mji mkuu. Septemba 2, moto uliua wasichana kumi wa shule ya Moi Girls, Nairobi. Safari hii mshukiwa alipatikana, akafikishwa mahakamani, akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na mwaka 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Alikuwa na umri wa miaka 14 moto ulipotokea. Haki ilitendeka kwa kadiri mahakama inavyoweza kuitenda, na wazazi wa marehemu walistahili angalau hilo. Hata hivyo hukumu ile haikugusa bweni lolote lingine nchini. Septemba 5, 2024, moto uliua wavulana 21 wa Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri. Bweni lile lilikuwa na watoto 156, wengi wao wa miaka kati ya tisa na kumi na mitatu. Hiyo ni shule ya binafsi, na inatukumbusha kwamba mzazi anayelipa zaidi hanunui usalama moja kwa moja. Baada ya msiba huo ukaguzi ulifanyika, na kabla mwaka haujaisha Wizara ikaagiza kufungwa kwa sehemu za bweni katika shule za msingi 348 kwa kutotimiza viwango. Kumbe wakaguzi wakitumwa, wanaona. Mwongozo ulikuwa umekaa miaka 16 kabla ya macho hayo kufumbuliwa kwa kiwango hicho.

Wapo wanaosema kwa moyo safi kwamba kiini cha yote ni kuondolewa kwa viboko mwaka 2001: mtoto asiyeogopa mwalimu ataogopa nini? Hoja hii inasikika sana katika mikutano ya wazazi, na kalenda haiiungi mkono. St. Kizito, Bombolulu na mauaji ya viranja wa Nyeri yalitokea wakati kiboko kilikuwa halali na kinatumika. Wengine wanasema kwamba bweni lisilofungwa litawaacha wezi waingie na wanafunzi watoroke. Hofu hiyo ina msingi, na kuna namna ya kuitatua: komeo linalofunguliwa kwa ndani bila ufunguo, matroni anayelala jirani na wanafunzi, askari anayezunguka usiku, ua imara kuzunguka shule. Nondo zikae kwenye ua, mbali na dirisha la mtoto aliyelala. Kufuli limependwa kwa sababu ni rahisi kuliko mshahara wa mlinzi wa pili.

Hoja nzito kuliko hizo ni ile ya kufuta shule za bweni kabisa, hasa kwa watoto wadogo. Kwa watoto wa shule ya msingi, ninakubaliana nayo kwa sehemu kubwa: mtoto wa miaka tisa anayezinduka usiku katikati ya moshi anahitaji mtu mzima aliye karibu naye, na nyumbani ndiko watu wazima waliko. Lakini kwa sekondari mambo si mepesi. Mfumo wa bweni umeota mizizi tangu shule za wamisionari kama Maseno mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926, na baada ya uhuru michango ya harambee ilijenga sekondari katika karibu kila pembe ya nchi. Kwa binti wa jamii ya wafugaji, ambaye shule ya kutwa iliyo karibu iko umbali wa saa nyingi kwa miguu, bweni ndiyo shule yenyewe. Kumfungia bweni ni kumfungia masomo. Watakaobaki bwenini ni wengi, na wanahitaji mlango unaofunguka.

Majirani zetu wameandika kurasa zao za historia hii kwa damu ileile. Mwaka 1994 Shule ya Wasichana ya Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro, ilipoteza wanafunzi zaidi ya 40. Mwaka 2009 wasichana 12 waliungua Idodi, Iringa. Uganda ilizika watoto wa Budo Junior mwaka 2008. Chanzo kilitofautiana, kutoka mshumaa mmoja hadi mkono usiojulikana, na hilo lenyewe linatosha kutuonya tusitegemee kuzuia chanzo pekee.

Kuna pia pengo la kiserikali ambalo wazazi wachache hulijua. Chini ya Katiba ya 2010 elimu ya msingi na sekondari iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, ilhali huduma za zimamoto ni kazi ya kaunti. Shule ya kijijini hujikuta katikati, ikiwa na wizara isiyo na gari la zimamoto na kaunti isiyosimamia shule. Gari lenyewe, likiwepo, huwa mjini, na bweni la mbao na magodoro ya sponji haliingoji barabara mbovu. Ndiyo maana dakika za kwanza, ambazo mtoto anazo peke yake, ndizo za kupangiwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imewapa wazazi nafasi ambayo hawajaitumia ipasavyo: watu sita katika bodi ya usimamizi ya shule huchaguliwa kuwawakilisha wazazi, na bodi hiyo ina wajibu wa kisheria wa kuhakikisha usalama wa wanafunzi na wafanyakazi. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, siku ya kutembelea wanafunzi usiishie kwenye kivuli cha mti na chakula ulichobeba. Omba kuliona bweni. Sukuma mlango uone unafunguka upande gani, na uulize funguo hukaa na nani saa nane za usiku. Tazama madirisha. Kisha uwatake wawakilishi wako sita wakuletee ripoti ya ukaguzi wa mwisho, na kama haipo, waitishe mkutano kabla muhula haujaisha.