Wana wawili wa Koboko

Jumapili ya tarehe 20 Februari 1977, kaburi lilikuwa limechimbwa tayari juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, kando ya kaburi la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Maiti haikuletwa. Maelfu ya watu walikuja hata hivyo. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akasimama penye shimo lile akawakumbusha waombolezaji kaburi jingine lililokutwa tupu, la Yesu.

Aliyekuwa azikwe pale ni Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda tangu 1974. Usiku wa kuamkia Februari 5 askari walivamia nyumba yake, wakamwekea bunduki tumboni, wakapekua kila chumba wakidai kuna silaha zimefichwa. Hawakupata kitu. Maaskofu wenzake wakaandika barua kwa Rais Idi Amin. Walimweleza waziwazi kwamba bunduki iliyonunuliwa imlinde raia sasa inamwelekea raia huyo huyo, na kwamba ikiwa askofu mkuu anaamshwa namna ile, mkulima asiye na cheo ana hali gani?

Tarehe 16 Luwum na maaskofu hao wakaitwa hoteli ya Nile Mansions. Silaha zimepangwa uwanjani, askari wamejaa, wakapaza sauti wakitaka washtakiwa wauawe. Baadaye maaskofu waliambiwa waende makwao. Luwum akaambiwa abaki, Rais anamhitaji. Kesho yake redio ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Jeneza likapelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari. Wanakijiji walilifunua, wakaona matundu ya risasi.

Hayo yamesimuliwa sana, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kilichowapata Wakristo wa kule alikotoka mtawala mwenyewe.

Koboko ni mji wa mpakani katika eneo la West Nile, Sudan Kusini huku na Kongo kule. Ndiko nyumbani kwa Wakakwa, kabila la Amin. Na ndiko alikotoka Silvanus Wani, Mkakwa, aliyepewa daraja la ukasisi mwaka 1943 na kuwahudumia askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Amin aliingia KAR mwaka 1946. Wote wawili walipitia jeshi ambalo amri zilitolewa kwa Kiswahili, na hadi leo wazee wengi wa West Nile hukuambia Kiswahili chao kilitoka kambini. Mmoja alitoka na bunduki, mwingine na Biblia. Mwaka 1969 Wani akawa Askofu wa Madi na West Nile, makao yake Mvara, Arua, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walikuwa wamefika mwaka 1918. Wakatoliki walikuwa wameanza Ediofe mwaka mmoja kabla yao.

Baada ya Luwum kuuawa, wengine walikimbia. Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, alipanda milima kwa miguu usiku hadi Rwanda. Kiti cha askofu mkuu akakikalia Wani.

Ni rahisi kudhani kwamba Mkakwa kukalia kiti kile kulilipa kanisa nafuu. Mimi sioni hivyo. Septemba ya mwaka uleule, mwaka wa jubilei ya miaka 100 ya Kanisa la Uganda, serikali ilikamilisha kazi iliyoianza mwaka 1973: makundi ya Kikristo 27 yalipigwa marufuku, Wasabato, Wabaptisti na Jeshi la Wokovu wakiwemo. Waliosalia na kibali ni Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi. Watu wakarudi kusali sebuleni, madirisha yamefungwa. Wala kabila halikumwokoa mtu. Brigedia Charles Arube, Mkakwa na Mkristo, aliyekuwa ameshika uongozi wa juu jeshini, alikufa Machi 1974 jaribio la mapinduzi liliposhindwa. Mwezi uleule maiti ya Luteni Kanali Michael Ondoga, Mlugbara aliyetoka tu kuwa waziri wa mambo ya nje, iliokotwa mtoni Nile.

Ndiyo maana huniuma nikisikia utawala ule ukiitwa utawala wa watu wa West Nile. Jina hilo ndilo lililowaponza. Amin alipoanguka Aprili 1979, waliokuja baadaye hawakumuuliza mtu wa Arua anasali wapi. Oktoba 1980 Arua na Koboko zilichomwa na kuporwa, na watu kwa maelfu wakavuka kuingia Zaire na Sudan, Mwislamu na Mkristo wakibebeana watoto njia moja.

Waliobaki walikimbilia misheni. Ombaci, nje kidogo ya Arua, mapadre wa Comboni waliwafungulia milango maelfu, wakalala madarasani, kanisani, chini ya miembe. Walidhani msalaba langoni utatosha, kwa kuwa serikali mpya ilisema imekuja kumaliza mateso ya Amin. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 1981, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, askari wa UNLA, jeshi la serikali hiyo, waliingia uani wakipiga risasi, wakaua makumi ya wakimbizi, wanawake na watoto wakiwemo.

Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda mwaka huo alikuwa bado Silvanus Wani, mwana wa Koboko.