Risasi ya Rais na Jicho la Mjomba

Mjomba wangu aliumwa mgongo, akaandikiwa kipimo cha MRI. Tulipofika, nesi akatoa karatasi yenye maswali chungu nzima. Umewahi kupasuliwa? Una betri ya moyo? Umewahi kufanya kazi ya vyuma? Mjomba, fundi wa kuchomelea mageti kwa zaidi ya miaka 20, akajibu yote "hapana" bila kupepesa macho. Aliogopa kurudishwa nyumbani. Nami nikanyamaza, maana mjomba hakosolewi mbele za watu.

Msomaji mwenzangu, kazi ya kutafuta chuma kilichojificha mwilini ni kongwe kuliko mashine yenyewe.

Tarehe 2 Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi katika stesheni ya treni mjini Washington. Risasi moja ikabaki mwilini. Eksirei ilikuwa haijagunduliwa (ilikuja 1895), kwa hiyo madaktari waliitafuta kwa vidole, tena visivyooshwa. Ndipo akaja Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Alikuwa na chombo cha nyaya za umeme zilizoviringwa; kikipita karibu na metali, mlio unasikika kwenye kipaza cha simu. Alikijaribu kwa askari wa zamani waliokuwa wakitembea na risasi miilini. Kikafanya kazi barabara.

Kwa Rais, kikagoma. Mara ya kwanza, 26 Julai, kilikoroma tu kwa sababu kiliungwa vibaya. Mara ya pili, 1 Agosti, kililia, lakini kwenye eneo pana mno. Hukuweza kusema risasi iko hapa au pale. Bell alipouliza tena ndipo watu wakakumbuka kwamba chini ya godoro la Rais kulikuwa na godoro jingine, la nyaya za chuma! Isitoshe, Dakta Bliss, aliyesimamia matibabu, alikuwa ameshaamua kuwa risasi iko kulia, na huko ndiko ilikotafutwa. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Walipompasua, risasi ilikuwa kushoto. Mimi simlaumu sana Bell. Lile godoro ndilo linaloniuma.

Basi, mwaka 1977 kundi la Raymond Damadian huko New York likapiga picha ya kifua cha mtu mzima kwa kutumia sumaku. Mashine nyingi za siku hizi zina nguvu ya tesla 1.5, yaani kama mara 30,000 ya sumaku ya dunia. Na sumaku hiyo haizimwi usiku wala mchana, hata kama chumba kiko kimya. Risasi ya madini ya risasi isingevutwa. Chuma cha kawaida ndicho balaa.

Mwaka 1986 madaktari waliandika habari za mgonjwa aliyewahi kuwa fundi wa mabati. Kijipande cha chuma kilikuwa kimelala ndani ya jicho lake bila yeye kujua. Alipopimwa, damu ikavuja ndani ya jicho, likapofuka. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 aliuawa na mtungi wa oksijeni ulioruka kuelekea kwenye mashine aliyokuwa amelazwa. Mwaka uliofuata madaktari wa picha wa Marekani wakatoa mwongozo: eneo ligawanywe sehemu nne, na mtu asivuke kabla ya kuhojiwa. Siku hizi zipo nguzo za mlangoni zinazolia kwa chuma kinachovutwa na sumaku, siyo kwa pete za dhahabu. Lakini hata hizo huwekwa kusaidia tu, maswali yanabaki pale pale. Na bado, mwaka 2025, huko huko New York, mwanamume mmoja aliingia na mnyororo mzito wa mazoezi shingoni. Akafa.

Hayo ya 1986 nilikuwa nimeyasoma. Mjomba alipoanza kuvua viatu, nikakumbuka siku aliyokuja nyumbani na jicho jekundu, cheche ya grainda imemwingia, mama akamsafisha kwa maji ya chumvi. Nikamwambia nesi.

Mjomba alinitazama kama mwizi. Akapelekwa eksirei ya macho kwanza. Kwenye picha, upande wa kushoto, kulikuwa na kidoa cheupe kama punje ya ulezi. Mgongo ukapimwa kwa mashine nyingine isiyo na sumaku. Kwenye daladala hakunisemesha mpaka tunashuka.