Rangi katika Tanga la Lamu

Fikra ya wasanii wa kisasa kuyachora matanga ya mashindano ya Lamu huwaudhi baadhi ya wazee wenzangu. Wamesahau kwamba majahazi yetu yana macho omoni, duara za mbao zenye mwezi na nyota. Tanga la mtepe halikuchorwa, naam, lakini lile lilisukwa kwa miyaa. La leo ni kitambaa. Wavuvi wa Chioggia, Italia, waliyapaka yao udongo wa manjano na mwekundu, kila ukoo na alama yake, hata watu wa pwani wakajua nani anarudi.

Hofu yangu ni rangi nzito: hulikakamaza tanga lisijae upepo. Nahodha aulizwe kwanza, kabla brashi haijachovywa.