Kujinyima kwa Ajili ya Nani?

Asili ya neno Kwaresima ni Kilatini quadragesima, maana yake "ya arobaini". Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46. Ukiziondoa Jumapili 6, zinabaki 40. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 tayari unakitaja kipindi hicho katika kanuni zake. Jina, basi, ni hesabu tu ya siku. Kazi ya siku zenyewe tumeibebesha vitenzi vya Kiswahili: kufunga, kutubu na kujinyima. Hicho cha mwisho ndicho ninachoomba tukitazame.

Mzizi wake ni -nyima, kitenzi kinachodai watu wawili na kitu kimoja: "Juma amemnyima Asha sukari." Tukiingiza kiambishi -ji- cha kujitendea, anayenyima na anayenyimwa huwa mtu yule yule: "Juma amejinyima sukari." Sarufi imetosheka. Lakini sukari yenyewe imekwenda wapi?

Wakristo wa kale walilijibu swali hilo kabla Kwaresima haijapata sura tunayoijua. Katika kitabu kiitwacho Mchungaji, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, Herma anaagizwa kwamba siku ya kufunga asile chochote ila mkate na maji. Akadirie gharama ya chakula ambacho angekila, kisha kiasi hicho ampe mjane, yatima au mhitaji. Katika karne ya 5, Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu 440 hadi 461, alihubiri kwamba anachojinyima mfungaji kiwe riziki ya maskini. Kwa wazee hao, mfungo ulikuwa na mpokeaji.

Katika Enzi za Kati huko Ulaya, sheria za mfungo zilikataza nyama, na mahali pengi mayai, maziwa na siagi pia. Aliyeitaka siagi aliweza kulipia kibali. Kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, lina mnara ulioanza kujengwa mwaka 1485 ambao hadi leo huitwa Mnara wa Siagi, kwa kuwa husimuliwa kwamba uligharimiwa kwa fedha za vibali hivyo. Mwaka 1522, mjini Zürich, mchapaji vitabu Christoph Froschauer na wenzake walikula soseji wakati wa Kwaresima. Padri Huldrych Zwingli, aliyekuwapo bila kula, aliwatetea kwa mahubiri, na mageuzi ya Kanisa mjini humo yakashika kasi. Ubishi ulihusu uhuru wa kula na mamlaka ya kukataza. Lile agizo alilopewa Herma halikuwa kiini chake.

Tarehe 17 Februari 1966, kwa waraka wake Paenitemini, Papa Paulo VI alilegeza sheria hizo. Siku za lazima za kufunga zikabaki Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, huku waamini wakihimizwa kuiambatanisha toba na sala na matendo ya huruma. Mpokeaji akakumbukwa tena.

Lugha yetu, nadhani, haikuwahi kumsahau. Katika miaka yangu ya kufundisha sekondari niliwasikia wazazi wengi wakilitamka neno hili dirishani pa kulipia ada. Hakuna aliyesema "nimejinyima" akanyamaza. Alijinyima kitenge ili binti anunuliwe sare. Alijinyima nyama muhula mzima ili kijana afanye mtihani. Katika vinywa vyao kujinyima kulifuatwa daima na "ili" au "kwa ajili ya", na baada ya hapo likaja jina la mtu. Wengi wao hawakuwa wakizungumza habari za dini, wala hawakuwa wote Wakristo, lakini maana waliyoilinda ni ile ya Herma.

Kwa hiyo anayeacha sukari au bia siku hizi arobaini, akaiacha fedha yake mfukoni, amekamilisha sentensi kisarufi tu. Mimi mwaka huu nimeacha sukari, na bei yake naiweka kando kila Jumamosi kwa ajili ya madaftari ya mtoto wa jirani. Malenga wenzangu, mtakapolitunga shairi la Kwaresima, msiishie kwenye kitu kilichoachwa. Mtajeni na aliyekipokea.