Chupa moja, midomo kumi: Jinsi ya kugawana maji uwanjani bila kugawana maradhi

Saa kumi na moja jioni, uwanja wa mchangani. Refa kapuliza filimbi ya mapumziko, matokeo 1-1, na wachezaji wote wanakimbilia sehemu moja: chini ya mti, palipo na mabegi na viatu. Kuna chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Wachezaji, pamoja na wa akiba, wapo 14.

Chupa ya kwanza inaanza kuzunguka. Beki anapiga mafunda matatu, anafuta mdomo wa chupa kwa jezi iliyolowa jasho, anampa winga. Winga anampa kipa. Ikimfikia mtu wa saba, yamebaki maji kidogo chini, yana povu. Hapo ndipo anapojiuliza: anywe au aache? Akikataa ataambiwa anaringa. Akinywa, hajui kapokea nini.

Hali hii ipo kwenye bonanza la ofisi, netiboli ya shule, kikapu cha mtaani na vikundi vya jogging vya Jumamosi asubuhi. Wengi wanaimaliza kwa njia mbili: kunywa kimyakimya au kumnyanyapaa mtu mmoja kimyakimya. Njia zote mbili zina hasara, na kuna ya tatu iliyo rahisi.

Nini hubaki kwenye mdomo wa chupa?

Mtu akiweka mdomo kwenye chupa, mate hubaki kwenye ukingo na kiasi kidogo hurudi ndani ya maji. Kufuta kwa jezi hakuui vijidudu. Jezi yenyewe ina jasho, vumbi, na pengine makamasi ya dakika 45 zilizopita.

Kwa njia hiyo ya mate, haya yanaweza kupita:

- Mafua, korona na virusi vingine vya kikohozi. Haya ndiyo ya kawaida zaidi. Mmoja akija nayo Jumamosi, si ajabu nusu ya timu ikose mazoezi wiki inayofuata.

- Mafindofindo. Koo linauma, kumeza mate ni kazi. Yakisababishwa na bakteria, huhitaji dawa kutoka kwa daktari.

- Matumbwitumbwi. Huvimbisha mashavu na chini ya masikio, na huenea kwa mate.

- Malengelenge ya mdomoni. Vile vipele vya maji kwenye mdomo ambavyo wengi huita "homa imetokea mdomoni". Husababishwa na kirusi cha hapisi aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho, yaani asilimia 64. Wengi wao hawana dalili yoyote, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

- Homa ya uti wa mgongo. Ni nadra, lakini ndiyo ya kuogopwa zaidi. Karibu mtu 1 kati ya 10 hubeba bakteria wake kooni bila kuumwa. Haiambukizi kirahisi kama mafua; kwa kawaida huhitaji watu kuwa karibu sana au kugusana mate. Mchezaji mwenye homa kali, kichwa kinachouma sana, shingo iliyokakamaa na macho yasiyotaka mwanga awahishwe hospitali saa hiyohiyo. Asisubiri kesho.

Kuna pia magonjwa ya tumbo: kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu. Haya kwa kawaida huingia kupitia maji machafu na mikono isiyonawiwa. Mchezaji aliyetoka chooni bila kunawa, kisha akashika mdomo wa chupa, anawapelekea wenzake zaidi ya maji.

Nini hakipiti kwenye chupa?

Sehemu hii ni muhimu kama ya juu, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa bure.

Virusi vya Ukimwi (VVU) haviambukizwi kwa kunywa chupa moja, kikombe kimoja wala kula sahani moja. Kifua kikuu (TB) nacho hakienezwi kwa vyombo vya kunywea. TB husafiri kwa hewa, pale mgonjwa ambaye hajaanza tiba au ndiyo kwanza ameanza anapokohoa karibu na wengine, hasa kwenye chumba kisicho na hewa ya kutosha. Homa ya ini aina ya B haipiti kwa kuchangia vyombo. Inapita kwa damu na majimaji mengine ya mwili.

Kwa hiyo, timu inayompa mchezaji mmoja kikombe chake cha pembeni kwa sababu "tumesikia anameza dawa" haijikingi na chochote. Inamvunja mtu moyo, na anaweza kuacha mazoezi, au vibaya zaidi, kuacha dawa ili asionekane anazimeza.

Mchezaji anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi ahimizwe kwenda kupima, kwa faragha, na mtu anayemwamini. Lini arudi uwanjani ni jambo la daktari, siyo la kikao cha chini ya mti.

Tahadhari moja inabaki: aliyepasuka mdomo au kung'oka jino uwanjani anywe chupa yake peke yake, na chupa hiyo isizunguke. Sheria hii ni ya wote, nahodha hadi mchezaji mgeni. Ikiwa ya wote, haimnyooshei mtu kidole.

Kukiwa na mlipuko, mambo yanabadilika

Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa mkoani Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Agosti 2024, WHO ilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa baada ya ugonjwa huo kusambaa DRC na kuingia nchi jirani. Magonjwa haya mawili yanaweza kupita kwa majimaji ya mwili, mate yakiwemo.

Mamlaka za afya zikitangaza mlipuko kwenye eneo, kuchangia chupa kunasimama kabisa. Kila mtu na chombo chake, na maelekezo ya wataalamu ndiyo yanayofuatwa, hata kama yanasema mechi zisimame.

Michezo mikubwa imeshawahi kubadili mazoea kwa sababu ya mate. Juni 2020, Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) lilizuia wachezaji kupaka mate kwenye mpira ili ung'ae, jambo lililofanyika miaka na miaka. Mwaka 2022 katazo hilo likawa la kudumu.

Ustaarabu wa chupa: kanuni nane

1. Kila mtu na chupa yake. Iandikwe jina kwa maka peni au kipande cha plasta. Chupa zote za maji zinafanana zikishawekwa kwenye nyasi.

2. Mimina, usiguse. Kama chupa ni moja, inua juu, fungua mdomo, mimina maji yaingie bila midomo kugusa chupa. Mara ya kwanza utalowa kifua. Mara ya tatu utakuwa fundi. Hii ndiyo kanuni moja inayoweza kuokoa timu nzima bila kununua kitu.

3. Chupa ya kubonyeza ni bora zaidi. Zile laini za plastiki zenye mdomo mwembamba hurusha maji moja kwa moja kinywani. Ila ukiinyonya kama mtoto, umeua maana yake.

4. Ndoo yenye koki inashinda dumu la kuchota. Ukitumbukiza kikombe ndani ya ndoo, mikono ya wote inaingia kwenye maji ya wote. Koki chini, kifuniko juu, kila mtu anakinga kwenye chombo chake.

5. Mwenye dalili aseme mwenyewe. Mwenye mafua au kipele cha mdomo ajitoe mapema: "Washkaji, mimi leo nina mafua, nitakunywa ya kwangu." Anayesema hivyo apongezwe, asitaniwe.

6. Maji ya kunywa hayaogewi. Kuna yule anayepiga funda moja kisha anamwaga nusu chupa kichwani. Wa kujimwagia maji atafutiwe dumu lake, tena liwe na alama.

7. Anza na anayehitaji zaidi. Aliyekimbia sana, aliyeumia, mwenye umri mkubwa kwenye mechi za maveterani. Wa akiba ambaye hajaingia anaweza kusubiri dakika moja. Mpe mtu kwa mkono wa kulia, usimrushie usoni.

8. Refa na wapinzani ni watu pia. Mchezaji wa upande wa pili akiomba maji, apewe. Akikataa asilazimishwe, mchangani wapo wanaoogopa "kuwekewa dawa". Chupa ambayo haijafunguliwa humaliza mjadala huo.

Na mwezi wa Ramadhani, hasa Zanzibar na miji ya pwani ambako mechi nyingi husogea jioni au usiku, aliyefunga asibembelezwe anywe "kidogo tu". Muhimu awekewe maji yake, yamkute adhana ikilia.

Kukataa bila kumvunjia mtu heshima

Tatizo la wengi ni namna ya kusema, hasa chupa ikiwa imetoka kwa mtu anayemheshimu. Maneno machache yanatosha:

- Kwa mwenzako wa rika: "Mwanangu, nimiminie mkononi tu." Mikono iwe imenawiwa kwanza.
- Kwa mkubwa: "Shikamoo kaka, ahsante, ninayo yangu kwenye begi."
- Kwa kocha: "Kocha, naogopa kuwaambukiza, koo linaniwasha."

Kauli ya mwisho ina faida: anayekataa anajitaja yeye kuwa mwenye shida, na mwenye chupa habaki na aibu. Isitumike tu kila wiki, watu watashtuka.

Anayepokea jibu hilo naye ana wajibu. Asiulize "kwani mimi nina nini?" mbele za watu. Achukue chupa yake, mchezo uendelee.

Chupa yenyewe inaoshwaje?

Chupa iliyokaa kwenye begi tangu Jumamosi iliyopita huwa na utelezi ndani. Utelezi huo ni vijidudu vilivyojijengea makazi. Kusuuza kwa maji matupu hakuvitoi.

Baada ya kila mazoezi, ioshwe kwa maji ya moto kiasi na sabuni, brashi ifike chini, na kifuniko kifunguliwe chote. Kisha iachwe wazi ikauke. Chupa za plastiki za maji ya dukani ni ngumu kusugua ndani kwa sababu ya shingo nyembamba, na zikichubuka uchafu hushika zaidi. Zisitumike kwa msimu mzima.

Maji ya bomba au kisima yachemshwe, yatokote kwa angalau dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Na barafu? Kugandisha hakuui vijidudu vyote. Barafu ya maji machafu ikiyeyuka, ni maji machafu ya baridi.

Kiu isisahauliwe

Hofu ya vijidudu isimfanye mtu amalize mechi mkavu. Kwenye jua la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, kukosa maji kunaweza kumwangusha mchezaji ndani ya mechi hiyohiyo. Kwa mtu mzima anayekimbia, nusu lita hivi kwa saa ni mwanzo mzuri. Anayetoka jasho jingi atahitaji zaidi.

Sheria za soka zinaruhusu hili. Kanuni za mashindano zikikubali, refa anaweza kusimamisha mchezo kwa mapumziko ya kunywa yasiyozidi dakika moja, au ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika tatu. Nahodha wa mchangani akubaliane na refa kabla ya mpira kuanza.

Mchezaji akipata kizunguzungu, kichefuchefu au kulegea, apelekwe kivulini anywe taratibu. Kama chupa iliyopo ni moja tu, apewe hiyohiyo, amiminiwe. Lakini akianza kuongea ovyo au kupoteza fahamu, asinyweshwe kitu, anaweza kupaliwa. Apozwe mwili kwa maji na kukimbizwa hospitali.

Nani asimamie?

Timu nyingi zina mtu wa jezi na mtu wa kukusanya hela ya refa. Wachache wana mtu wa maji. Kazi yake ni ndogo: ndoo yenye koki iwe safi, maji yawe ya kutosha, sabuni iwepo, na chupa tupu zisibaki uwanjani. Iwe ya zamu, na hela ya maji iingizwe kwenye mchango uleule wa mechi.

Wiki hiyo ya kwanza watakuwepo watakaocheka, "siku hizi mmekuwa wazungu". Wiki ya tatu wataanza kuulizia chupa zao kwa majina. Na yule mtu wa saba, aliyekuwa akibaki na povu la chini, atakunywa ashibe kabla kipindi cha pili hakijaanza.