Sindano ya Nyumbani: Historia Isiyoandikwa ya Ushonaji nchini Uganda

Historia ya nguo nchini Uganda kwa kawaida husimuliwa kupitia wafanyabiashara walioleta merikani, wamisionari waliojenga shule, mafundi waliokaa kwenye baraza za maduka na vyerehani vyao, na viwanda vya Jinja. Katika makala haya tunakusudia kuangalia upande ambao masimulizi hayo huupita upesi, yaani ushonaji wa nyumbani. Tunamzungumzia mama aliyewashonea wanawe nguo na vitu vya kuchezea, bila mshahara na bila kibao cha duka mlangoni. Hoja yetu ni kwamba kazi hii ilizisitiri familia hasa pale masoko yalipokuwa matupu. Kwa kuwa haikuandikwa sana, sehemu kubwa ya ushahidi wake imebaki katika maneno. Hapo ndipo sisi wa idara ya Kiswahili tunapohusika.

Tuanze basi na maneno. Kwa Kiganda kushona ni okutunga na sindano ni empiso. Haya si maneno yaliyotoka pwani. Okutunga ni ndugu wa kitenzi chetu kutunga, tunachokitumia kwa shanga, kwa maua na kwa mashairi. Lakini cherehani kwa Kiganda ni ekyalaani, leso au kanga ni leesu, kitambaa cha mkononi ni akatambaala, na kanzu ni kkanzu. Msikilizaji makini atauona mpaka hapo. Kitendo cha kushona na chombo chake cha kale vina majina ya wenyeji, ilhali mashine na mavazi ya pamba yana majina yaliyosafiri na misafara. Kwa hiyo anayedhani kwamba ushonaji uliletwa Uganda pamoja na cherehani anakosea, na lugha yenyewe inamkosoa.

Kabla ya pamba, vazi la Waganda lilikuwa lubugo, nguo inayotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba. Kuliponda gome ilikuwa kazi ya wanaume. Gome hilo hutoboka hapa na pale, hivyo matundu yalizibwa kwa viraka, na vipande viliunganishwa kwa kushonwa ili kupata nguo pana. Ufundi huu ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu usioshikika. Nao watoto hawakusahauliwa: maganda makavu ya mgomba yalisokotwa na kufungwa yakawa mpira au mwanasesere. Vitu hivyo havikudumu, na labda ndiyo sababu vilikosa nafasi katika vitabu.

Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda wakati wa Kabaka Suuna wa Pili. Wafanyabiashara wa pwani waliomfuata walikuja na nguo za pamba. Maarufu zaidi ilikuwa merikani, iliyofumwa Massachusetts na kuingia Zanzibar kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Hata hivyo, jina merikani lilibaki. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, nguo za viwandani zilipata njia rahisi ya kuingia Uganda. Miaka miwili baadaye, 1903, mbegu za pamba ziligawiwa wakulima. Mkulima wa Uganda akawa anapanda pamba, akaiona ikisafirishwa ng'ambo, kisha akanunua kitambaa kilichorudi kutoka huko.

Kitambaa hicho kilihitaji mkono wa kukishona. Mwaka 1905 wamisionari wa Kianglikana walianzisha shule ya wasichana ya Gayaza. Katika shule za namna hiyo, kazi ya sindano ilikuwa sehemu ya elimu ya msichana. Historia ya gomesi nayo husimuliwa kuanzia hapo. Inaelezwa kuwa mafundi Wagoa wa jina la Gomes waliishonea Gayaza vazi ambalo baadaye lilienea na kuwa vazi la heshima la wanawake, lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili upande wa kushoto na mshipi mpana. Tuangalie jina hilo kwa makini. Fundi aliyelipwa amehifadhiwa katika jina la vazi mpaka leo. Wasichana waliojifunza kushona wakaenda kuwashonea wadogo zao na wanao hawakuacha jina lolote.

Hatutaki kuipamba kazi hii kupita kiasi. Elimu ya sindano ililenga kumwandaa msichana awe mke wa Kikristo, wakati kaka yake aliandaliwa kuwa karani au chifu. Aidha, sindano iliyoleta fedha ilikuwa zaidi mikononi mwa wanaume. Fundi wa barazani alikuwa mwanamume, na cherehani, kwa bei yake, kilikuwa mali ya mwenye fedha. Wanawake wengi walishona kwa mkono, usiku, baada ya shamba na jiko. Katika miaka ya 1950 vyama vya wanawake vilivyosaidiwa na Idara ya Maendeleo ya Jamii vilieneza mafunzo ya ushonaji vijijini. Mafunzo yalikuwa yaleyale ya kumtunza mume na watoto, lakini mwanamke aliyejua kukata na kushona aliweza pia kushona sare ya jirani akapata chochote cha kwake.

Umuhimu wa ujuzi huo ulionekana wakati wa dhiki. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Waliokuwa wakiagiza na kuuza vitambaa wakaondoka, viwanda vikadorora, na sukari, chumvi, sabuni na nguo zikawa bidhaa za magendo, neno jingine la Kiswahili lililozoeleka Uganda katika miaka hiyo. Nyumba iliyokuwa na sindano ilikuwa na namna ya kujikimu. Nguo ya mkubwa ilifumuliwa, ikageuzwa upande, ikakatwa upya ikawa ya mdogo, na mabaki yakajazwa ndani ya mwanasesere wa binti. Historia ya uchumi wa miaka ile isiyotaja sindano hii imesahau jinsi watoto walivyovikwa.

Kilichokuja kuipunguza kazi hii si uvivu wa akina mama. Tangu biashara ilipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, mitumba, ambayo Waganda huiita emivumba, imefurika katika masoko kama Owino jijini Kampala. Shati lililokwisha kushonwa likawa rahisi kuliko kitambaa cha kulishonea. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikapinga, nchi nyingi zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu ya ushuru kwa mavazi yake mwaka 2018. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia na barakoa zikatakiwa, vyerehani vya nyumbani vilifunuliwa tena.

Sasa turudi kwenye lugha. Katika Kiswahili cha zamani, bandia au mtoto wa bandia ni mwanasesere. Leo wanafunzi wetu wanalijua neno hilo kwa fedha bandia na dawa bandia tu. Maana ya mchezo imefifia pamoja na mchezo wenyewe. Ni wangapi kati yetu wanaotofautisha kupiga bandi, yaani kushikiza nguo kwa mishono mirefu ya muda, na kukunga, yaani kukunja ukingo wa nguo na kuushona? Ni wangapi wanaojua kwamba kastabani ni kikofia cha kidole kinachomkinga mshonaji asichomwe na sindano? Maneno haya yakipotea, tutakuwa tumepoteza shahidi wa mwisho wa kazi ambayo haikuwekewa kumbukumbu.

Tunawaomba basi wasomaji, hasa wanafunzi wanaokwenda likizo, wakae na bibi zao na kuwauliza walishona nini, kwa uzi gani, na kila hatua waliiitaje. Andikeni majibu kwa lugha ya nyumbani kwanza, iwe Kiganda, Kisoga, Kinyarwanda au nyingine, kisha tafuteni Kiswahili chake. Idara itayapokea kwa furaha. Kazi hii isingoje mwakani, kwa sababu wenye majibu wamezeeka.