Namba tasa zilipokuwa mistari

Hoja ya 20 ya kitabu cha tisa cha Elementi za Euclid ni fupi, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote tulizorithi kutoka Ugiriki ya kale. Inasema hivi: taja namba tasa unazozijua, ziwe nyingi upendavyo, bado iko nyingine hujaitaja. Tumezoea kuiona imeandikwa kwa alama za aljebra, kwa hiyo anayeifungua mara ya kwanza katika umbo lake la kale hushangaa. Pembeni mwa maneno hakuna 2, 3 wala 5. Kuna mistari. Namba tasa tatu ni vipande vitatu vya mstari vilivyopewa herufi, na moja ni kipande kifupi kilichounganishwa kwenye mstari mrefu.

Mbona namba zimechorwa? Na zinatafuta nini ndani ya kitabu tunachokiita cha jometri? Jibu limo katika jinsi Wagiriki walivyoielewa namba yenyewe. Asiyelipata hubaki na orodha ya kukariri tu, 2, 3, 5, 7, 11, 13, kama wengi wetu tulivyoikariri darasani.

Euclid alifanya kazi Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 K.K. Habari za maisha yake karibu zote zimepotea. Kilichobaki ni kazi yake, vitabu 13 vyenye hoja 465. Vingi vinahusu pembetatu, duara na maumbo mango. Cha 7, cha 8 na cha 9, vyenye hoja 102 kwa jumla, vinahusu namba, na kitenzi kinachotawala humo ni kupima. Sisi tunasema 3 inagawanya 12. Euclid anasema 3 inaipima 12: chukua kijiti cha urefu wa 3, kilaze mara nne juu ya urefu wa 12, utafika mwisho bila kubakiza wala kupitiliza. Namba tasa, kwa fasili yake, ni ile inayopimwa na moja peke yake. Jaribu urefu wa 7. Kijiti cha 2 kinabakiza, cha 3 kinabakiza, na cha 4, cha 5 na cha 6 vivyo hivyo.

Na moja yenyewe? Kwa Wagiriki moja haikuwa namba. Ilikuwa ndiyo kipimo, na namba ilikuwa wingi wa vipimo hivyo. Wanahisabati wa leo wana sababu nyingine ya kuitoa 1 kwenye orodha ya namba tasa: ingeingizwa, kila namba ingevunjwa katika vigawo tasa kwa njia zisizo na idadi. Mtoto anayeuliza swali hilo mara nyingi huambiwa tu kwamba ndivyo ilivyo. Naamini anastahili kuelezwa, na maelezo ya Wagiriki anaweza kuyafuata akiwa na rula tu mkononi.

Kitabu cha 7 kinaanza kwa kazi ya mikono. Una kamba mbili, moja ya urefu wa 119 na nyingine ya 85, na unatafuta kipimo kirefu kabisa kitakachozipima zote. Ondoa fupi kwenye ndefu, inabaki 34. Ondoa 34 kwenye 85 mara mbili, inabaki 17. Ondoa 17 kwenye 34 mara mbili, hakibaki kitu. Kipimo ni 17. Hii ndiyo KKS, kigawo kikubwa cha shirika, inayofundishwa shule za msingi, ila Euclid ameifikia bila kuzivunja namba katika vigawo vyake tasa. Namba zikiwa kubwa sana, njia yake inaishinda kwa mbali ile ya kutafuta vigawo tasa, na kompyuta zinaitumia hadi leo.

Sasa hoja ya 20 inasomeka kama alivyokusudia. Chukua 3, 5 na 7. Urefu mfupi kabisa unaopimwa na zote tatu ni 105. Ongeza moja, upate 106. Je, 3 inaweza kuupima urefu huo mpya? Haiwezi: inafika sawasawa kwenye 105, kinachobaki ni moja, na hakuna namba inayoipima moja. 5 na 7 zinakwama hapo hapo. Lakini Euclid ameshathibitisha katika kitabu cha 7 kwamba kila namba ama ni tasa ama inapimwa na tasa fulani. Basi iko tasa nje ya zile tatu, na kwa 106 zimepatikana mbili, 2 na 53. Wengi hudhani kwamba namba inayopatikana baada ya kuongeza moja ni tasa siku zote. Sivyo. Zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, ongeza moja, utapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Euclid hakudai zaidi ya alichothibitisha. Hata kusema kwamba namba tasa hazina mwisho hakusema. Alisema ni nyingi kuliko idadi yoyote utakayowekewa.

Namba na mistari havikuunganishwa kwa bahati. Wafuasi wa Pythagoras, waliojikusanya Croton, kusini mwa Italia, katika karne ya 6 K.K., walishika kwamba vitu vyote ni namba. Aristotle ndiye anayetueleza hivyo. Ukiishika imani hiyo, utategemea kwamba urefu wowote na mwenzake vina kipimo cha pamoja, hata kiwe kidogo namna gani. Kilichoivunja ni mraba.

Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Plato anamwonyesha Socrates akimuuliza kijana mtumwa: mraba wa upande wa futi 2 una eneo la 4, wenye eneo la 8 una upande gani? Kijana anajibu 4, eneo linatoka 16. Anajaribu 3, linatoka 9. Kisha Socrates anamchorea ulalo wa ule mraba wa kwanza, na upande unaotafutwa ndio huo. Unaonekana kwa macho na unachorwa kwa rula, lakini hauna kipimo cha pamoja na upande ule wa kwanza. Uthibitisho anaoudokeza Aristotle huelezwa hivi. Tuseme upande na ulalo vina kipimo cha pamoja, nasi tumechagua kirefu kabisa, ili namba mbili zinazopatikana zisiwe na kigawo cha shirika. Mraba wa ulalo ni mara mbili ya mraba wa upande, kwa hiyo namba ya ulalo ni shufwa, na ya upande haina budi kuwa witiri. Lakini namba shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa 4. Nusu ya jawabu hilo, ambayo ndiyo mraba wa upande, ni shufwa pia. Namba moja ingekuwa witiri na shufwa kwa wakati mmoja.

Ziko hadithi za mtu aliyezama baharini kwa kuifichua siri hiyo. Ziliandikwa karne nyingi baadaye na sioni sababu ya kuziegemea. Athari halisi imo katika mpangilio wa Elementi: Euclid anafundisha uwiano mara mbili. Kitabu cha 5 kinaueleza kwa urefu na maeneo, kwa nadharia inayohusishwa na Eudoxus wa Cnidus. Kitabu cha 7 kinauanza upya, kwa namba peke yake. Kila namba aliichora kuwa mstari, huku akijua vyema kwamba iko mistari miwili ambayo haiwezi kamwe kuwa namba mbili.

Wapo wanaosema kwamba namba tasa zilijulikana Afrika zamani zaidi. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa wenye mikato huko Ishango, ukingoni mwa Ziwa Edward, Kongo, na umri wake unakadiriwa kufika miaka 20,000. Safu moja ya mikato ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, yaani tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini safu jirani ina 9 na 21 pamoja na 11 na 19, na kuhesabu peke yake hakumfikishi mtu kwenye namba tasa. Lazima aulize ni kitu gani kinaipima. Mfupa huo unashuhudia kwamba watu wa maziwa yetu walihesabu na kuweka kumbukumbu muda mrefu mno kabla ya Athens kuwapo, na hilo ni kubwa vya kutosha.

Mchango wa bara letu katika hisabati ya Kigiriki unajulikana kwa majina. Theodorus, ambaye Plato anasimulia kwamba alionyesha mistari isiyopimika mmoja mmoja hadi ule ambao mraba wake ni 17, alitoka Cyrene, katika Libya ya leo. Wasomaji wa Biblia wanaujua mji huo kwa Simoni Mkirene. Eratosthenes naye alizaliwa huko, akaja kuongoza maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 K.K. Ndiye aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kivuli cha jua, na ndiye anayetajwa kuwa mwenye lile chekeche la namba tasa. Nicomachus wa Gerasa ameeleza linavyofanya kazi. Panga namba witiri kuanzia 3. Kutoka 3, ruka mbili ukate ya tatu: 9, 15, 21. Kutoka 5, ruka nne ukate ya tano: 15, 25, 35. Endelea hivyo, na zisizokatwa ni tasa. Humo hamna kugawanya. Ni kijiti kile kile cha Euclid kinacholazwa tena na tena.

Elementi ziliponea mikononi mwa wengi. Theon wa Alexandria alizihariri katika karne ya 4 B.K. Baghdad zilitafsiriwa kwa Kiarabu na al-Hajjaj, kisha na Ishaq ibn Hunayn, ambaye tafsiri yake ilisahihishwa na Thabit ibn Qurra. Kutoka Kiarabu Mwingereza Adelard wa Bath alizitia katika Kilatini karne ya 12, na mwaka 1482 zikapigwa chapa Venice.

Kitabu cha 9 kinafungwa na hoja ya 36, ambayo bado ina kazi. Jumlisha 1, 2, 4, 8, kila namba ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Jumla ikiwa tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyojumlisha, utapata namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. 1, 2 na 4 ni 7. 7 mara 4 ni 28. Na 28 ni jumla ya 1, 2, 4, 7 na 14. Katika karne ya 18 Leonhard Euler alithibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hiyo. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi wakati huo, yenye tarakimu 41,024,320, iliyogunduliwa na Mmarekani Luke Durant kwa msaada wa maelfu ya vichakataji vya kompyuta. Ni jumla ya aina ile ile, 1, 2, 4, 8 na kuendelea, hadi namba ya 136,279,841 katika mfululizo huo. Ama namba kamilifu zilizo witiri, hakuna aliyewahi kupata hata moja, wala aliyethibitisha kwamba hazipo.